Wazee Wastaafu, Watoto Wakubwa na Hofu ya Wizi

(Mazungumzo ya halmashauri ya tawi, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wastaafu, Matulo)



Shauri lililotukutanisha leo si la mishahara wala la saa za kazi. Wengine watauliza, chama cha wafanya kazi kina haja gani na mambo ya mtu na mtoto wake? Jibu letu ni fupi. Mfanya kazi haachi kuwa ndugu yetu siku anaporudisha kofia na buti za kampani. Tena shauri hili lawagusa walio kazini, kwa maana kila mmoja wenu anaelekea huko huko, hata kama leo ana nguvu za kubeba magunia mawili.

Shauri lenyewe ni hili. Wastaafu wanaokaa katika ploti za kando ya barabara ya Webuye na Bungoma wanalalamika juu ya wizi. Kuku hupotea. Mahindi huvunwa usiku kabla mwenyewe hajayavuna. Simu huchukuliwa dirishani, na betri ya sola hung'olewa watu wakiwa kanisani. Wazee wakikaa pamoja na kuuliza ni nani, vidole huelekea mahali pamoja, kwa vijana wakubwa wanaokaa kwa wazazi wao bila kazi. Sasa wako wanaosema lipitishwe sharti katika ploti hizi kwamba mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima asikae kwa mstaafu. Wengine wanajibu kwa hasira kwamba hakuna atakayewafukuzia watoto wao. Majirani waliofanya kazi zamu moja miaka ishirini wanapitana njiani bila salamu.

Halmashauri imelifikiri jambo hili, na leo tunatoa maoni yetu wazi. Hofu ya wazee ni ya kweli na haifai kuchekwa. Lakini sharti la kufukuza watoto wote ni sharti baya. Halitamzuia mwizi, na litawaacha wazee peke yao. Dawa ni kila nyumba kuwa na mapatano yake, kila mtaa kuwa na macho, na kila kosa kupelekwa mahali pake, awe ni mtoto wa nani aliyelifanya.

WASTAAFU WETU WANAKAA WAPI

Zamani mfanya kazi wa reli alipewa nyumba katika landi, na wa kampani alipewa nyumba ya kampani. Nyumba ilikuwa ndogo na watoto walilala wamebanana, lakini palikuwa na ua na lango, na askari wa usiku alizunguka na tochi yake. Siku ya kustaafu mtu alirudisha ufunguo, na desturi ilimtazamia arudi katika shamba la baba yake.

Lakini shamba la baba halikungoja. Liligawanywa kwa ndugu, kisha kwa watoto wa ndugu, mpaka limekuwa vipande vya kupanda sukuma wiki. Basi wengi walichukua kiinua mgongo wakanunua ploti, robo eka au nusu eka, karibu na barabara, karibu na hospitali, na karibu na wenzao wa kazi. Ndiyo maana hapa utakuta fundi wa mitambo amepakana na karani, na karani amepakana na dereva wa trekta la miwa. Hakuna bwana mkubwa aliyeupanga mtaa huu wa wastaafu. Umejipanga wenyewe, mtu akimvuta rafiki yake.

Kwa hiyo mambo mengi mazuri ya landi tuliyaleta hapa: ujirani, kuchangiana matanga, kuazimana jembe. Lango na askari hatukuvileta. Kila mmoja alijenga ukuta wake au ua wake wa miti, akafikiri yatosha.

KWA NINI WATOTO WAKO NYUMBANI

Kabla ya kumlaumu kijana, tuulize kwanza ni kitu gani kilichomweka pale.

Mji wa Webuye, ambao wazee waliujua kwa jina la Broderick Falls, ulikuzwa na kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichoanza kutengeneza karatasi mwaka 1974. Baba alifanya kazi kiwandani, na mtoto alitazamia kumfuata. Hata asiyekuwa kiwandani alikula kwa kiwanda hicho: mwenye hoteli, fundi cherehani, mama wa sokoni, mwenye nyumba za kupanga. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2016 kilipita mikononi mwa kampani za Rai na kazi ikaanza tena, lakini si kazi ya watu wengi kama ile ya zamani. Upande wa miwa, kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanza kusaga mwaka 1978 kimepitia miaka ya mishahara iliyochelewa na wakulima waliongoja malipo ya miwa yao mpaka wakachoka kungoja. Kule Mumias twajua sote yaliyotokea.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 10 kiwanda kilipofungwa, leo amepita miaka 25. Amesoma, kwa ada iliyotoka katika kiinua mgongo cha baba yake. Amepeleka barua za kuomba kazi Bungoma, Kitale, Eldoret na Nairobi. Akipata kazi ni kibarua cha siku tatu. Au huendesha boda boda ya mtu mwingine, na mwenye pikipiki hutaka pesa yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana huyu atakaa wapi, ikiwa si kwa baba yake?

Tena tukumbuke desturi. Kwa Wabukusu, na kwa jirani zao wengi, kijana aliyekwisha kutahiriwa hujenga nyumba yake ndogo, simba, katika boma la baba. Kukaa katika simba hakukuwa aibu hata kidogo. Simba ilikuwa ngazi: leo simba, kesho mke, kesho kutwa kipande chake cha shamba. Ngazi hiyo imevunjika katikati. Kijana amepanda kidato cha kwanza, na cha pili hakipo, kwa maana katika robo eka hakuna shamba la kumkatia. Basi amebaki pale, mwaka baada ya mwaka, ndevu zinaota, na majirani wanaanza kumtazama.

Tusisahau mabinti. Watu wanaposema "watoto wakubwa" hufikiri wavulana tu. Lakini katika nyumba nyingi za wastaafu yuko binti aliyerudi na watoto wake baada ya ndoa kuvunjika. Ni nani anayemkumbusha mzee dawa yake ya presha? Ni nani anayeteka maji, anayempeleka mama kliniki, anayekamua ng'ombe asubuhi? Mara nyingi ni binti huyo huyo, ambaye sharti linalotakwa lingemtoa.

HOFU YA WAZEE NI YA KWELI

Baada ya kusema hayo, hatutaki kijana yeyote aondoke hapa akidhani tumewacheka wazee. Mwaka 2013 magenge ya usiku yenye mapanga yaliwashambulia watu majumbani katika Bungoma na Busia, na watu wakauawa. Mtu aliyezilala siku zile na panga chini ya kitanda hawezi kuambiwa kwamba anaogopa kivuli.

Na wizi mdogo, kwa mstaafu, si mdogo. Mtu wa mshahara akiibiwa simu, atanunua nyingine mwisho wa mwezi. Mstaafu hana mwisho wa mwezi. Kwa miaka mingi, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2023, mchango wa lazima wa NSSF haukupita shilingi 200 kwa mfanya kazi na shilingi 200 kwa mwajiri kila mwezi. Pigeni hesabu wenyewe. Shilingi 400 kwa mwezi ni shilingi 4,800 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni shilingi 96,000, kabla ya kuongeza faida. Hayo ndiyo malimbikizo ya nguvu za mtu za miaka ishirini. Aliye na umri wa miaka 70 au zaidi na ameandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo hazifiki kila mara kwa wakati.

Basi ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye pensheni ya mzee. Magunia manne ya mahindi ndiyo mshahara wake wa mwaka. Anayemchukulia hivyo amemchukulia uzee wake. Mzee akikaa macho mpaka saa nane usiku akisikiliza mbwa, tusimwambie kwamba amezidi uoga.

SHARTI LA KUFUKUZA HALIFAI

Sasa tulitazame sharti lenyewe.

Kwanza, ndugu wanachama, kumbukeni desturi yetu ya kazini. Spana ikipotea stoo, msimamizi mwenye hasira hutaka kusimamisha zamu nzima. Chama husema nini? Chama husema: onyesha ushahidi, mwite mtu kwa jina lake, mwambie kosa lake, mpe nafasi ya kujibu, na mwenziwe awe kando yake. Tumegombana na matajiri miaka na miaka kwa ajili ya jambo hilo, kwamba mtu asihukumiwe kwa kuwa alikuwa karibu. Je, tulilolikataa kiwandani tutalipitisha mtaani? Tuwahukumu watoto wetu zamu nzima kwa spana moja?

Pili, mwizi wa usiku hupenda nyumba gani? Hupenda nyumba ya mzee anayelala peke yake. Nyumba yenye kijana katika simba, na taa, na mbwa anayelishwa, huipita. Tukiwatoa vijana wote, tutakuwa tumewaandalia wezi mtaa mzima wa watu wasioweza kukimbia.

Tatu, tutazame waliolijaribu jambo hili. Marekani iko miji na mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wastaafu. Sun City, katika jimbo la Arizona, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1960, na mingine mingi ikafuata. Sheria yao, kama ilivyorekebishwa mwaka 1995, huruhusu mitaa ya namna hiyo kuchagua wakazi kwa umri, mradi nyumba nane katika kila kumi zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja angalau mwenye miaka 55 au zaidi. Angalieni: mtu mmoja katika nyumba, si wote. Kwa hiyo hata huko mtoto mkubwa aliyepoteza kazi aweza kurudi kwa mama yake, kama masharti ya mtaa yanaruhusu, na hata huko jirani huuliza, huyu ni nani, anafanya kazi gani, na mbona vitu vyapotea tangu alipokuja? Mingi ya mitaa hiyo ina lango, walinzi na ada ya kila mwaka, lakini shauri hili halijawaishia. Sisi tusio na lango tutampata wapi askari wa kuhesabu watoto wa watu?

Nne, Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Yaani wametajwa watunzaji wawili. Twajua jinsi mtunzaji wa pili anavyochelewa. Tusimfukuze wa kwanza.

NENO GUMU: WIZI WA NDANI

Wazee, mtuwie radhi, lakini mazungumzo yasiyo na neno gumu hayana faida. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mali nyingi inayopotea katika nyumba za wastaafu haivuki ua. Hutolewa kwa mlango.

Mtoto anaijua namba ya siri ya simu ya baba, kwa sababu baba haoni vizuri na humpa amsomee. Pesa inaingia asubuhi, jioni imepungua. Gunia la mahindi linapelekwa sokoni na mama anaambiwa limeliwa na panya. Hati ya shamba inatolewa sandukuni "kwenda kupigwa picha", nayo inakuwa rehani ya deni la pikipiki. Mzee akiuliza, anajibiwa: "Papa, hii si mali yetu sote?" Akiuliza mara ya pili, anasukumwa. Mama huliona yote, na hunyamaza kwa aibu, kwa maana atasema nini mbele ya jirani?

Hapa tutoe elimu kidogo ya sheria, kwa sababu wengi hawakuambiwa.

Mali ya mzazi aliye hai ni ya mzazi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hugawa mali ya mtu baada ya kufa kwake. Haimpi mtoto mkubwa ruhusa ya kudai fungu lake baba akiwa bado anapumua. Baba akipenda kumpa mtoto kipande akiwa hai, ni zawadi, si deni. Na mzee akitaka kuondoa matata ya baadaye, aandike wosia, autie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na afadhali wasiwe miongoni mwa watakaorithi.

Shamba la kulima haliuzwi kwa kupeana mikono. Tangu sheria ya mwaka 1967, yatakiwa idhini ya halmashauri ya ardhi ya mahali, na muuzaji na mnunuzi hufika mbele yake. Mzee akisikia ploti yake inauzwa kwa siri, aende mapema na mkewe mbele ya halmashauri hiyo, na katika ofisi ya ardhi Bungoma aombe kizuizi kiandikwe juu ya hati yake.

Mzazi anayepigwa, kutishwa au kunyang'anywa pesa zake na mtoto wake ana mahali pa kwenda. Sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani haikutungwa kwa mume na mke tu. Mzazi aweza kwenda kwa hakimu na kuomba amri ya kumlinda, na hakimu aweza kumwamuru mtoto mkubwa atoke katika nyumba. Tazameni tofauti, ndugu. Mtu huyu anatolewa kwa tendo lake, baada ya kusikilizwa. Hatolewi kwa sababu ana miaka 28 na hana kazi.

Na neno la mwisho la sheria ni kwa akina baba na akina mama wanaoficha. Anayepokea au kuweka kitu akijua kimeibwa, yeye mwenyewe ana hatia. Sheria haikuandika kwamba mzazi amesamehewa. Ukiona televisheni ngeni ndani ya simba, nawe ukafunga mlango, kesho askari wakija hawatauliza simba ni ya nani peke yake. Watauliza boma ni la nani.

MAPATANO YA KILA NYUMBA

Twashauri kila mstaafu anayekaa na mtoto mkubwa afanye naye mapatano. Yasemwe mbele ya mjomba, au shangazi, au rafiki wa baba, ili yasiwe maneno ya hasira ya usiku mmoja. Twapendekeza mambo matano.

1. Kazi. Anayekaa nyumbani ana kazi ya nyumbani. Mwenye pesa achangie pesa, hata ikiwa kidogo. Asiye na pesa achangie mikono: ua, maji, ng'ombe, bustani. Kijana aliyekata nyasi za ng'ombe asubuhi hana sababu ya kuinamisha kichwa akipita mbele ya jirani.

2. Wageni. Anayelala katika simba ajulikane kwa wenye boma. Rafiki wa saa sita za usiku asiye na jina asilale hapo.

3. Vitu. Kitu kisichojulikana kilikotoka kisiingie bomani. Na chang'aa isipikwe wala isiuzwe hapo. Wote twajua ni nani wanaokusanyika pasipoitwa, na saa ngapi.

4. Pesa na hati. Namba ya siri ya simu ni ya mwenye simu. Kama mzee haoni, amchague mtu mmoja, na mke au mume ajue ni nani. Hati ya shamba ikae mahali ambapo watu wawili wanapajua, si mmoja.

5. Muda. Msemezane mara mbili kwa mwaka: kijana anatafuta nini, amefikia wapi, anahitaji msaada gani ili apande kidato cha pili. Mtoto asiyeulizwa hudhani hatazamiwi kitu tena.

MACHO YA MTAA

Mpango wa Nyumba Kumi uliletwa mwaka 2013, na mahali pengine umekuwa jina tu. Hapa kwetu tuufanye uwe kazi. Kila kundi la nyumba lijue ni nani wanaokaa ndani yake, wazee kwa vijana, na ni mzee gani anayelala peke yake. Liguru awe na majina. Firimbi ziwe ndani ya nyumba, na ijulikane ya kwamba firimbi ikilia hakuna anayeuliza ni kwa nani kabla ya kutoka.

Katika zamu za usiku vijana wawemo. Twalisema hili kwa makusudi. Baadhi ya wazee wanataka zamu ya wazee peke yao, kwa kuwa hawawaamini vijana. Lakini kijana anayezunguka na baba wa jirani yake mpaka alfajiri, wakinywa chai ya chupa moja, ataonekana alipo. Mwenye nia mbaya hatajiandikisha, na mwenye nia njema atakuwa amejisafisha mbele ya macho ya watu.

Kitu kikiibwa, nendeni kituo cha polisi, andikisheni katika kitabu cha matukio, mkachukue namba ya OB. Aliyepigwa achukue fomu ya P3 na kuipeleka hospitali. Wengi husema, polisi hawatafanya neno. Huenda. Lakini wizi kumi usioandikwa, serikalini ni kama haukutokea, na mtu akija kuuliza mbona Matulo haina doria, atajibiwa kwamba Matulo ni shwari.

Na jambo moja tunalikataza kwa nguvu zote: kumpiga mshukiwa, au kumchoma. Hasira ya watu mia haimgeuzi mtu kuwa mwizi. Kumpiga mtu mpaka afe ni kuua, na mshukiwa anayekamatwa na polisi anapasa kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Tukumbuke pia ni nani watakaokuwa chini ya mawe hayo. Watakuwa ni watoto wa wenzetu wa zamu, tuliowabeba mgongoni landini.

KAZI YA CHAMA

Ninyi mlio bado kazini, uzee wa salama haujengwi siku ya kuagana kwa keki na saa ya ukutani. Kila mmoja aitazame akaunti yake ya NSSF, aone kama mwajiri anapeleka mchango wa kila mwezi, kwa maana pesa iliyokatwa katika mshahara bila kupelekwa imeibwa vile vile, tena bila kuvunja dirisha. Akiona mwezi umerukwa, alete kwa katibu wa tawi mara moja, asingoje miaka kumi. Tangu mwaka 2023 michango imepandishwa, na makato yanauma. Twajua. Lakini mmekwisha kusikia hesabu ya shilingi 400.

Halmashauri kwa upande wake itafanya mambo matatu. Itaandika daftari la wastaafu wetu wa Matulo, pamoja na watoto wakubwa na ufundi walio nao, ili nafasi ya kazi ikitokea tujue nani ni fundi umeme na nani ameendesha trekta. Itamwomba mtu ajuaye sheria aje kueleza habari za wosia na hati. Na itakutanisha wazee na vijana pamoja, kwa sababu mpaka sasa wazee wamewajadili vijana wasipokuwapo, na vijana wamewacheka wazee gizani.

Nanyi vijana, neno lenu ni hili. Hatukuwaita wezi, wala hatutakubali mwitwe wezi kwa sababu ya kukosa kazi. Lakini heshima hulindwa na mwenyewe. Ukimjua mwenzako anayeruka ua za wazee, nawe ukanyamaza kwa sababu ni rika lako, umewachafua wenzako wote. Mlijengewa simba mlindwe na boma. Sasa ni zamu yenu kulilinda boma. Na yule mama wa jirani anayekutazama kwa jicho baya, mwamkie. "Mayi, habari za usiku?" Usiku wake ulikuwa mrefu kuliko wako.

Ndugu wanachama, haya ndiyo maoni ya halmashauri, nayo si amri. Yazungumzeni nyumbani, mkayapinge panapostahili kupingwa. Katika mkutano wa mwezi ujao sharti la kufukuza watoto wakubwa litasomwa mbele yenu, na mapatano haya matano yatasomwa kando yake, kisha kila mtu atainua mkono wake. Mwanachama asiyeweza kutembea alete neno lake kwa mjumbe wa mtaa. Na atakayekuja, aje na mtoto wake.